Joto Halina Budi Kubebwa: Tafakari juu ya Maji ya Rejeta katika Nyanda za Juu za Kigoma

Gwarama ni kata ya nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika nchi ya Waha, na leo imo ndani ya Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Kibondo mwaka 2012. Kutoka huko kuelekea Kibondo hadi Kasulu nchi ni ya vilima na mabonde, vijiji vingi viko mbali na barabara kuu, na njia za kuvifikia ni za udongo ambao msimu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, hugeuka tope la kunata, na kiangazi kikiingia hugeuka vumbi jepesi linalopenya kila upenyo. Katika nchi ya namna hiyo pikipiki ndiyo inayounganisha shamba na gulio, kitongoji na zahanati, mzazi na mtoto anayesoma mbali, na kwa sababu hiyo suala la jinsi injini yake inavyopozwa, ambalo kwa msomaji wa mbali huenda likaonekana la gereji tu, linagusa maisha ya watu wengi ambao hawajawahi kushika spana. Hoja ya tafakari hii ni kwamba joto la injini halifutiki, bali huhamishwa tu, na pale ambapo kilichowekwa ili kulihamisha kimepungua pasipo mtu kukitazama, joto hilo hukiangukia chuma, nayo gharama ya chuma humwangukia yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuibeba.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke hali iliyomo ndani ya silinda, yaani chumba cha mviringo ambamo pistoni hupanda na kushuka. Petroli iliyochanganyika na hewa inapowaka humo, gesi inayotokana na mwako huo hufikia, kwa muda mfupi sana, nyuzijoto zaidi ya 2,000 za Selsiasi, ilhali aluminiamu, metali inayotumika kutengenezea pistoni na kichwa cha silinda, huyeyuka kwa nyuzijoto 660. Katika nishati yote iliyomo ndani ya petroli, inayogeuka kuwa mwendo wa gurudumu ni karibu robo, au zaidi kidogo injini ikiwa nzuri, na sehemu kubwa iliyobaki ni joto, ambalo kiasi chake hutoka na moshi kwa njia ya ekzosi na kiasi kingine hupenya kuta za silinda. Hilo linalopenya kuta ndilo linalohitaji kuondolewa kila sekunde injini inapofanya kazi, kwa maana likiachwa hapo, oili hupoteza utelezi wake, pistoni hutanuka hadi kukwaruza kuta, na hatimaye hukwama, jambo ambalo madereva hulieleza kwa kusema kwamba injini imenoki.

Njia kuu za kuliondoa joto hilo ni mbili. Ya kwanza ni hewa: silinda huzungushiwa mapezi, yaani vipande vyembamba vya metali vilivyojipanga sambamba, ili eneo linalogusana na upepo liwe kubwa na joto lichukuliwe na upepo huo chombo kinapokwenda. Ya pili ni kimiminika kinachozungushwa ndani ya injini na kupelekwa kupoa mahali pengine. Njia hii ya pili si mpya, wala haikuazimwa kutoka kwenye magari juzi, kwa kuwa pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa, ile ya Hildebrand & Wolfmüller iliyotoka Munich, Ujerumani, mwaka 1894, ilipozwa kwa maji, na tangi la maji hayo lilikuwa ndani ya madigadi ya nyuma. Hata hivyo njia ya hewa ndiyo iliyoshinda katika pikipiki ndogo za kazi, kwa kuwa ni nyepesi, ni rahisi, na haina mpira wa kupasuka wala pampu ya kuvuja. Boxer ya Bajaj na HLX ya TVS, ambazo ni miongoni mwa pikipiki zilizozoeleka sana kwenye vijiwe vya bodaboda vya Tanzania, hazina rejeta. Rejeta hupatikana zaidi kwenye pikipiki kubwa na kwenye guta nyingi, yaani zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu ambazo hubeba matofali, mchanga, mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi.

Mfumo wa guta kama hiyo una viungo vichache, na kila kimoja kina wajibu wake. Pampu ndogo inayoendeshwa na injini husukuma maji yazunguke silinda kupitia njia zilizochongwa ndani ya chuma. Kifaa kiitwacho themostati hubaki kimefungwa injini ikiwa bado baridi na hufunguka inapopata moto, ili maji yaende kwenye rejeta. Rejeta yenyewe ni mirija myembamba iliyoshikwa na mapezi membamba zaidi, ambamo maji hukabidhi joto kwa hewa. Na pembeni kuna kopo la akiba, ambalo kwa kawaida ni la plastiki inayoonesha kilichomo, linalopokea maji yanayotanuka kwa joto na kuyarudisha injini inapopoa. Juu ya yote hayo kuna kifuniko cha rejeta, ambacho kwa mtazamo wa haraka ni kizibo tu, lakini katika nchi ya vilima ndicho kiungo kinachostahili kuelezwa kwa kirefu.

Usawa wa bahari, Tanga au Bagamoyo, maji huchemka kwa nyuzijoto 100, lakini kwa kila mita 300 hivi ambazo mtu anapanda, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzijoto 1, kiasi kwamba kwenye kimo cha mita 1,500 maji huchemka kwa nyuzijoto 95 tu. Mpishi wa maharage, zao ambalo nyanda hizi hulilima kwa wingi, analijua jambo hili kwa mikono yake, kwa sababu sufuria yake hutokota mapema huku maharage yenyewe yakikawia kuiva, na akiifunika kwa kifuniko kizito huona kazi inakwenda upesi zaidi. Kifuniko cha rejeta hufanya kazi hiyohiyo kwa kipimo kilichokusudiwa: ndani yake mna springi inayoyazuia maji mpaka shinikizo lao lizidi lile la hewa ya nje kwa takriban bar 1, na chini ya shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzijoto 120. Kwa hiyo kifuniko kilichochakaa mpira wake, au kilichotolewa kwenye chombo kingine na kulazimishwa kikae, kinaiondolea injini kinga hiyo yote, na huko milimani kinaiacha na kiwango cha kuchemka kilicho chini kuliko cha pwani. Injini inayochemsha kila ipandapo mlima huenda haina ugonjwa mwingine wowote zaidi ya huo.

Maji yenyewe nayo yana habari zake. Kimiminika ambacho mafundi hukiita kulanti ni mchanganyiko wa maji, kemikali iitwayo ethilini glikoli, na viambato vidogo vya kuzuia kutu. Glikoli hiyo ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz mwaka 1856, na katika nchi za baridi kali husifiwa kwa kuwa huyazuia maji yasigande na kupasua injini. Kwa kuwa Gwarama hakuna baridi ya kugandisha rejeta, wapo wanaohitimisha kwamba kulanti ni anasa ya Ulaya na kwamba maji ya kisima yanatosha, na hitimisho hilo lina kosa mahali pawili. Kwanza, nusu ya glikoli na nusu ya maji hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzijoto 7, na nyuzijoto hizo zinafidia, hata kuzidi kidogo, zile zilizopotea kwa sababu ya kimo. Pili, viambato vya kuzuia kutu ndivyo vinavyoikinga aluminiamu ya kichwa cha silinda na pampu, ambayo maji matupu huila polepole, huku chumvichumvi za visimani na udongo laini wa mitoni vikijenga ukoko ndani ya mirija ya rejeta mpaka maji yapite kwa shida. Wakati huohuo haifai kudhani kwamba glikoli ikizidi ndiyo bora zaidi, kwa sababu maji hubeba joto vizuri kuliko glikoli, na anayemimina kulanti nzito isiyozimuliwa, akidhani anaiheshimu injini, anaipunguzia uwezo wa kupoa.

Palipo na uhaba wa kulanti, maji yanayofaa zaidi ni yale yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji ili chumvi zibaki nyuma, na yasipopatikana, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa vumbi lake ni afadhali kuliko ya mtoni. Hapa pana tahadhari ambayo haipaswi kurukwa: dukani, jina la maji ya betri huweza kutumika kwa vitu viwili tofauti, yaani maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri na asidi ya salfa iliyozimuliwa ya kujazia betri mpya, na hicho cha pili kikiingia kwenye rejeta huishambulia metali badala ya kuilinda. Chupa isomwe kabla haijafunguliwa.

Upimaji wenyewe ni kazi ya dakika chache, na wakati wake ni asubuhi kabla injini haijawashwa. Chombo husimamishwa mahali pa tambarare, kwa kuwa kikiegemea upande kopo la akiba hutoa ushahidi wa uongo. Kopo hufutwa vumbi, kisha hutazamwa kwa kulinganisha usawa wa kimiminika na alama mbili zilizochorwa ubavuni, ya chini na ya juu. Kikiwa kati ya alama hizo, hakuna la kufanya. Kikiwa chini ya alama ya chini, huongezwa polepole mpaka kifike karibu na alama ya juu bila kuipita, kwa sababu nafasi iliyoachwa juu ni ya maji yatakayotanuka. Kopo likikutwa tupu kabisa, haitoshi kulijaza, bali kifuniko cha rejeta hufunguliwa, injini ikiwa baridi, ili ionekane kama maji yamefika shingoni, na yasipofika hujazwa, injini huwashwa kifuniko kikiwa wazi, na mapovu ya hewa huachwa yatoke huku maji yakiongezwa, kwani hewa iliyonaswa ndani huizuia pampu kusukuma. Jambo lisilo na ruhusa ya kujadiliwa ni kufungua kifuniko hicho injini ikiwa na moto: maji yaliyozuiwa na shinikizo yakiachiwa ghafla hugeuka mvuke palepale na kuruka juu, na kilicho mbele yake ni uso na mikono ya aliyefungua.

Anayetazama kila asubuhi hupata zaidi ya kujua kiasi cha maji, kwa sababu hujua pia mwenendo wake. Mfumo huu umefungwa, na maji hayapaswi kupungua kwa kiasi cha kuonekana wiki hadi wiki, kwa hiyo yakipungua tena na tena, yako mahali yanapokwenda. Huenda mpira umechanika karibu na kibano, au pampu inadondosha chini yake, na mara nyingine, jambo ambalo ni zito zaidi, gasketi iliyo kati ya silinda na kichwa chake imeungua na maji yanaingia mahali pa moto. Dalili za hali hiyo ya mwisho zinajulikana: moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, mapovu yanayopanda kwenye shingo ya rejeta, na oili iliyopauka na kufanya povu kwa kuchanganyika na maji. Anayeziona mapema hununua gasketi, na anayezipuuza hununua kichwa cha silinda. Vivyo hivyo, anayesimama mtoni na kuimwagia injini iliyochemsha maji ya baridi, kwa huruma ya kutaka kuipoza upesi, huenda akaipasua, kwani chuma kinachosinyaa upande mmoja huku upande wa pili kikiwa kimetanuka hakivumilii. Dawa ni kuizima na kuiacha ipoe yenyewe.

Pikipiki zisizo na rejeta zisidhaniwe kuwa zimesamehewa wajibu huu. Kwao kazi ya kupoza imegawanywa kati ya hewa na oili, na kwa kuwa oili ya injini ya namna hiyo ni lita 1 au zaidi kidogo, upungufu wa robo lita ni mkubwa kuliko unavyosikika. Kipimo chake ni kijiti kilichowekwa alama au kioo kidogo ubavuni mwa injini, nacho hutazamwa asubuhi na kwa utulivu uleule. Mapezi yanataka kuwa wazi, ilhali tope la masika likikaukia kati yake hugeuka kuwa blanketi linalozuia joto kutoka. Zaidi ya hayo, hewa hupoza pale tu chombo kinapokwenda, na kupanda mlima na mzigo ni hali ambayo injini hutoa joto jingi kabisa huku ikipata upepo kidogo kabisa. Kubeba mishikaki, yaani kupakia abiria wawili au watatu kwenye chombo cha abiria mmoja, ni hatari ya barabarani inayojulikana, na katika nyanda za juu ni hatari ya injini vilevile, sawa na gunia la lumbesa lililofungwa nyuma na kupandishwa kilima kwa gia ya kwanza bila kupumzika.

Hapa ndipo swali la ufundi linapogeuka kuwa swali la haki. Madereva wengi wa bodaboda na guta huendesha chombo cha mtu mwingine, ambaye huitwa tajiri au bosi, na humpelekea kila siku au kila wiki kiasi walichokubaliana, kinachoitwa hesabu. Wengine wako kwenye mkataba, yaani makubaliano kwamba hesabu ikishalipwa kwa muda fulani chombo kitakuwa mali ya dereva. Chini yao yupo deiwaka, anayeshika chombo kwa siku moja au saa chache tu dereva wake wa kudumu akiwa amepumzika. Katika mpangilio huo tajiri haoni kopo la akiba, kwa kuwa anachokiona jioni ni hesabu. Deiwaka halitazami, kwa kuwa kesho chombo hakitakuwa mkononi mwake. Na dereva wa kudumu, ambaye mara nyingi ndiye aliyeachiwa gharama za oili na matengenezo madogo, hulazimika kuchagua kati ya chupa ya kulanti na hesabu iliyotimia. Injini ikinoki, hesabu husimama, mkataba huvunjika au hurefushwa, na kijana aliyelipa kwa miezi mingi huweza kubaki hana chombo wala fedha. Joto lililopaswa kuchukuliwa na maji ya bei ndogo limemfikia yeye, na hakukuwa na mtu aliyepanga hivyo. Kilichotokea ni kwamba kila mmoja alikuwa na sababu ya kutolitazama kopo lile.

Ujinga wa jambo hili hauwezi kuwekwa juu ya dereva peke yake, kwa maana wengi hukabidhiwa chombo bila maelezo yoyote zaidi ya namna ya kuwasha na kubadili gia, na kitabu cha maelekezo, pale kinapokuwapo, kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuisoma kwa raha. Elimu halisi iko kwa fundi wa chini ya mti, aliyejifunza kwa kumtazama fundi mwingine, na elimu hiyo ni ya kuheshimiwa, kwa kuwa imeokoa injini nyingi mahali ambapo spea za dukani ziko mbali. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ambayo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na utaratibu kama huo una thamani mahususi katika wilaya kama hizi, kwani humpa fundi cheti bila kumwondoa kijiweni, na humpa pia nafasi ya kusahihishiwa mazoea mabaya aliyoyarithi pamoja na mazuri.

Lipo pia suala la mahali inapokwenda kulanti iliyochoka, ambayo vitabu vingi vya watengenezaji huagiza ibadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu. Glikoli ni sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo mbwa, mbuzi au mtoto mdogo huweza kuinywa bila kuonywa na ulimi wake, nayo huharibu figo na kuua. Kuimwaga kando ya kijito mahali pa kuoshea pikipiki ni kosa kwa jirani wa chini, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito ili kuukinga na shughuli zinazoweza kuidhuru. Mito mingi ya nyanda hizi huishia Malagarasi, nao Malagarasi huishia Ziwa Tanganyika, kwa hiyo kinachomwagwa mlimani kina safari ndefu mbele yake.

Yanayotakiwa, basi, yanajulikana na yako ndani ya uwezo wa wahusika. Tajiri na dereva waandike katika mkataba wao nani ananunua oili na kulanti, kila baada ya muda gani, na wakubaliane kwamba siku ya matengenezo hesabu ipungue kwa kiasi kilichotumika. Muuzaji wa guta amkabidhi mnunuzi karatasi ya Kiswahili yenye mchoro wa kopo la akiba, kifuniko cha rejeta na alama zake, kama anavyomkabidhi risiti. Fundi asimtengenezee dereva bila kumwonesha alichokikuta. Naye dereva, awe mwenye chombo au deiwaka wa nusu siku, atazame kabla ya kuwasha, kwa kuwa abiria anayempakia, ambaye huenda ni mama mjamzito anayewahi zahanati, hana namna ya kupima maji yale na amemwachia yeye kazi hiyo. Bei ya lita moja ya kulanti ni sehemu ndogo sana ya bei ya injini, na anayeinunua kwa wakati hatalazimika kumtafuta mtu mwingine wa kuilipa injini hiyo.